Nyanya za ndoo zilizosiwa baada ya Nane Nane: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mtwara

## Kwa nini kisa hiki

Kila Agosti watu wa Lindi na Mtwara hurudi kutoka maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Ngongo, na pakiti za mbegu. Mbegu ni nzima, hamu ipo, na hali ya hewa ya wiki hiyo inashawishi: asubuhi kuna ubaridi, kusi inavuma, mchicha unastawi. Lakini nyanya inayosiwa wiki hiyo haitoi maua Agosti. Inatoa maua Oktoba, na Oktoba ya Mtwara si Agosti ya Mtwara.

Kisa hiki kimehusu kaya ya watu watano katika nyumba ya kupanga, Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Majina, mtaa na kazi za wenyewe vimeondolewa, na aliyepanda anaitwa mhusika tu. Kisa kinafundishika kwa sababu moja kubwa: mhusika aliweka daftari. Aliandika tarehe ya kila jambo, na kila alichochuma alikipima kwenye mizani ya dukani kwa jirani. Bila daftari lile tungebaki na "zilikataa" na "zilikubali", ambazo hazimsaidii mtu mwingine.

## Hali ya mahali

Ua wote umemiminwa zege, hakuna ardhi ya kulima isipokuwa tuta moja dogo nyuma ya choo lililowahi kupandwa biringanya. Baraza inatazama kaskazini. Ukingo wa paa la bati uko mita 2.4 kutoka sakafuni na umetokeza mita moja nje ya ukuta. Upande wa pili wa ua kuna ukuta mrefu unaopigwa na jua la mchana kuanzia saa saba hadi magharibi.

Maji yalikuwa ya aina mbili: ya bomba, yanayotoka siku kadhaa kwa wiki, na ya kisima cha jirani, yenye chumvichumvi kama visima vingi vilivyo karibu na bahari.

Ukanda huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Usiku wa Julai na Agosti joto hushuka hadi karibu nyuzi 19 au 20. Kufika Desemba ni nadra kushuka chini ya 23. Nyuzi hizo tatu au nne za usiku zinaonekana ndogo kwa mtu aliyelala chini ya feni. Kwa ua la nyanya ndizo zinazoamua.

## Alivyoanza

Tarehe 10 Agosti alisia mbegu za Cal J, ambayo ni fupi na hukomaa mapema, na Moneymaker, ambayo ni ndefu na huendelea kurefuka. Alisia kwenye viriba vidogo, mbegu mbili kila kiriba, kina cha sentimita moja. Aliongeza mche mmoja wa nyanya ndogo za kienyeji, zile zinazojiotea zenyewe jalalani, matunda yake ukubwa wa gololi. Huo hakuuthamini, aliupanda kwa sababu ndoo moja ilibaki wazi.

Miche ilichomoza siku ya sita. Alifunika kitalu kwa chandarua cha zamani ili kuzuia inzi weupe. Nia ilikuwa njema, ila matundu ya chandarua yalitengenezwa kwa ajili ya mbu, na inzi mweupe ana urefu wa takriban milimita moja tu, kwa hiyo anapita. Kitambaa chepesi cha shashi kingefaa zaidi, kikiwa kimebanwa pande zote kwa mchanga.

Ndoo zilikuwa 10. Sita ni za rangi za lita 20, na hizi alizipanga barazani: Cal J tatu, Moneymaker mbili, ya kienyeji moja. Nne ni za lita 10, nyeusi, alizoziegemeza kwenye ule ukuta wa jua la mchana: Cal J mbili, Moneymaker mbili. Kila ndoo alitoboa tundu moja katikati ya kitako na kuiweka moja kwa moja juu ya zege.

Udongo aliununua, mwekundu wa kichanga, akachanganya na samadi ya mbuzi iliyooza, sehemu tatu kwa mbili. Ndoo nane zilipojaa udongo ukaisha. Mbili za mwisho, moja kubwa ya Moneymaker na moja ndogo ya Cal J, alizijaza udongo wa lile tuta la biringanya. Akaandika kwenye daftari: "9 na 10, udongo wa nyuma." Mstari huo mfupi ulikuja kuwa na thamani kubwa.

Alipandikiza tarehe 6 Septemba, jioni, mche ukizamishwa hadi karibu na majani ya kwanza. Hilo alilifanya vizuri kabisa, maana shina la nyanya lililofukiwa huota mizizi.

## Mfuatano wa matukio

Septemba. Wiki mbili za kwanza miche ilikwenda vizuri. Maji yalikuwa ya kisima, kopo moja asubuhi. Tarehe 20 aliona majani ya chini ya ndoo mbili ndogo yana vidoti vya manjano na utando mwembamba kama wa buibui. Ni utitiri. Nyumbani kulikuwa na salfa ya unga iliyobaki kwenye kazi ya kupulizia mikorosho, akainyunyiza saa saba mchana. Salfa kweli inaua utitiri, kosa lilikuwa saa. Joto likipita nyuzi 32 hivi salfa huunguza jani lenyewe. Siku ya pili kingo za majani zilikuwa zimekauka na kujikunja kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa.

Tarehe 25 aliambiwa na mtu kuwa miche inataka nguvu. Akaweka urea, kijiko cha chakula kwa kila ndoo. Kwa mchanganyiko wa lita 17 hivi, ambao tayari una samadi, hicho ni kipimo kikubwa mno. Majani yakawa mapana, ya kijani cha giza, mashina manene, na Moneymaker zikaahirisha maua.

Oktoba, wiki ya kwanza. Cal J zilitoa maua tarehe 5. Wakati huohuo miche yote ya barazani ilikuwa inainamia nje, kama watu wanaochungulia barabarani. Mhusika alidhani ni upepo, akaifunga kwenye vijiti vya mianzi ikae wima.

Oktoba, wiki ya pili. Ndoo namba 10, kisha siku tatu baadaye namba 9, zilinyauka mchana, zikaamka usiku, zikanyauka tena, kisha hazikuamka. Majani yalikuwa bado ya kijani. Alizidisha maji. Hapo ndipo alipoomba ushauri, na mshauri alifika mara ya kwanza tarehe 14.

Oktoba, mwishoni. Kingo za ndoo zilikuwa na ukoko mweupe. Ncha za majani ya zamani ziliungua. Tarehe 24 matunda ya kwanza ya Cal J, yakiwa ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji, yalitokea doa la maji upande wa chini. Baada ya siku nne doa likawa jeusi, bapa, gumu kama ngozi. Maua ya Moneymaker yalianza kupukutika: kikonyo kinageuka manjano kwenye kifundo, ukikigusa kinaanguka. Mche mmoja wa Moneymaker kwenye ndoo ndogo ulidumaa, majani ya juu yakajikunja kama vikombe na kingo zake kuwa za manjano. Huo ni ugonjwa wa rasta, ambao huletwa na inzi weupe.

Novemba na Desemba. Tarehe 9 Novemba yalionekana mabaka mapana yanayong'aa kwenye majani, ndani yake kuna vinyesi vyeusi: kantangaze, kiwavi anayekula jani kwa ndani. Uchumaji ulianza tarehe 19 Novemba. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha wiki ya pili ya Desemba. Mche wa mwisho uling'olewa tarehe 29 Desemba.

## Maamuzi, na kwa nini yalifanywa hivyo

*Kuthibitisha mnyauko kabla ya kufanya lolote.* Mche unaonyauka unaweza kuwa na kiu, mizizi iliyooza, minyoo fundo, au bakteria, na tiba hazifanani. Ndoo namba 10 ilikuwa imelowa, kwa hiyo kiu iliondolewa. Mizizi ilikaguliwa: haikuwa na vifundo. Kisha shina lilikatwa sentimita tano juu ya udongo kwa kisu kikali, kipande kikatundikwa kwa uzi ili ncha iliyokatwa iguse maji safi kwenye glasi ya kioo, glasi ikawekwa mbele ya kitambaa cheusi bila kutikiswa. Ndani ya dakika tatu uzi mweupe kama maziwa ulianza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba, ulionyooka, ukatawanyika chini. Hiyo ni bakteria ya mnyauko ikitoka kwenye mishipa ya mmea. Haina dawa ya kunyunyiza inayoiponya. Biringanya, pilipili, viazi mviringo na nyanya zote huugua, na udongo hubaki nayo miaka.

Ndoo zote mbili ziliondolewa na udongo wake, ukafungwa kwenye kiroba badala ya kumwagwa uani. Kisu kilioshwa kwa sabuni na kuchomwa moto. Mhusika aliuliza kama anaweza kuuanika udongo ule na kuutumia tena. Kuuanika ukiwa na unyevu chini ya nailoni angavu kwa wiki nne hadi sita hupunguza wadudu na vimelea vingi, ila kwa bakteria huyu si kinga ya kutegemea. Jibu likawa hapana.

*Kubadili maji kabla ya kubadili mbolea.* Bibi jirani, mwenye kisima, ndiye aliyetangulia kulisema: "Mwanangu, maji yangu haya hata kuoshea wali siyatumii. Utanyweshea mti?" Alikuwa sahihi. Shambani mvua husukuma chumvi chini, mbali na mizizi. Ndani ya ndoo chumvi haina pa kwenda. Kila siku maji yanapanda hewani na chumvi inabaki, kesho inaongezwa nyingine. Ukoko mweupe ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Uamuzi ulikuwa kuosha udongo mara moja kwa maji ya bomba: lita 20 kwa kila ndoo kubwa, lita 10 kwa ndogo, yakimwagwa kidogokidogo kwa muda wa saa moja hivi mpaka yanayotoka chini yapoteze rangi ya chai. Kuosha vizuri zaidi kungetaka mara mbili ya hapo, lakini maji yana bei. Baada ya hapo, bomba tu. Kabla ya kuosha, matundu yaliongezwa kuwa matano, manne yakiwa ubavuni sentimita mbili juu ya kitako, na kila ndoo ikapandishwa juu ya vipande vitatu vya tofali. Tundu moja lililokaliwa na zege ni sawa na kutokuwa na tundu.

*Kutokupulizia dawa ya kuoza kitako.* Duka lilipendekeza dawa ya ukungu. Kuoza kitako, lile doa jeusi la chini ya tunda, si ukungu. Ni tunda kukosa kalsiamu wakati linapanuka, na kalsiamu husafiri na maji tu. Mche ukikauka saa nane mchana hata kama utamwagiliwa saa kumi na mbili, kitako cha tunda, ambacho ndicho sehemu ya mwisho kufikiwa, kimeshakosa. Chumvi inafanya mizizi ishindwe kuvuta maji, na urea nyingi inaleta amonia inayoshindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi. Mhusika alikuwa na sababu zote tatu kwa pamoja. Matunda yenye doa yalichumwa na kutupwa kwa sababu hayaponi na yanakula nguvu ya mche.

Mpango mpya ulikuwa lita moja na nusu saa kumi na mbili asubuhi, lita moja saa tisa alasiri kwa ndoo kubwa, na wiki za upepo mkali zaidi ya hapo. Kipimo hakikuwa saa, kilikuwa mkono: inua ukingo wa ndoo asubuhi baada ya kumwagilia ujue uzito wake, rudia mchana. Ikinyanyuka kirahisi, imekauka ndani hata kama juu kunaonekana kumelowa. Juu ya udongo viliwekwa vipande vya makumbi ya nazi, unene wa sentimita tano. Makumbi hayo yalilowekwa siku tatu na maji kubadilishwa kila siku, hasa kwa kuwa hapa Pwani makumbi mengi yameshapita kwenye maji ya bahari. Alitaka kutumia maganda ya korosho, akakatazwa. Mafuta ya ganda bichi yanaunguza ngozi ya mtu, hakuna sababu ya kuyaweka kwenye mizizi.

Mbolea ilisimamishwa wiki mbili. Baadaye ikawa nitreti ya kalsiamu tu, gramu 5 (kijiko cha chai kilichosawazishwa) kwa lita 5 za maji, lita moja kwa kila ndoo, mara moja kwa wiki.

*Kuhamisha ndoo.* Huu ndio uamuzi uliobeba kisa kizima, na wengi hawaufikirii. Mtwara iko nyuzi 10 na ushei kusini mwa ikweta. Katikati ya Agosti jua la saa sita liko upande wa kaskazini, na kwenye baraza hii liliingia chini ya paa karibu mita moja, likafika ukutani. Kila siku likawa linarudi nyuma. Mwanzoni mwa Oktoba lilikuwa linaingia sentimita 30 hivi. Karibu tarehe 20 Oktoba jua linapita utosini kabisa, na kuanzia hapo hadi Februari liko kusini: paa linaipa baraza ya kaskazini kivuli. Miche haikuwa inasukumwa na upepo. Ilikuwa inalifuata jua linaloondoka.

Tarehe 26 Oktoba ndoo zote zilipelekwa upande wa mashariki wa nyumba, mahali panapopata jua kuanzia kuchomoza hadi saa saba mchana, kisha kivuli cha nyumba. Ndoo nyeusi zilipakwa chokaa kwa nje. Kabla ya kuhamishwa, kipimajoto kilichochomekwa sentimita nane ndani ya udongo wa ndoo ndogo saa nane mchana kilisoma nyuzi 41. Baada ya chokaa na kivuli, 33, saa ileile.

*Kutikisa maua.* Ua la nyanya linajichavusha lenyewe lakini linahitaji mtikisiko ili chavua idondoke. Kwenye kona iliyozibwa upepo na bila wale nyuki weusi wanene wanaotoboa boriti, hakuna wa kutikisa. Kazi ilifanywa kwa kidole: kupiga kikonyo cha kichala kwa nyuma, mara tatu nne, saa tatu hadi saa tano asubuhi, umande ukiwa umekauka na joto halijapanda. Siku yenye jua ua lililoiva linatoa vumbi hafifu la manjano, ukiweka ukucha chini yake unaliona.

*Kantangaze kwa mikono.* Kwa ndoo saba zilizobaki, dawa haikuwa na sababu. Kila asubuhi majani yenye mabaka yalikatwa, yakafungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuachwa juani siku nzima. Kuyatupa jalalani hakusaidii, kiwavi hutoka na kumalizia maisha yake udongoni. Matunda yalikaguliwa chini ya kikonyo, mahali anapopenda kuingilia.

*Mvua ilipoanza,* ndoo zilirudishwa chini ya ukingo wa paa. Tunda lililokuwa likipata maji kwa kipimo likikutana na mvua ya usiku kucha hupasuka, na jani lililolowa muda mrefu hukaribisha ugonjwa wa bakajani. Mwenye shamba hana uwezo huu, mwenye ndoo anao.

## Matokeo

Ndoo 10 zilianza. Mbili zilikufa kwa mnyauko, moja iling'olewa kwa rasta. Saba zilizobaki zilitoa kilo 8.1 za matunda ya kuliwa. Cal J tatu za lita 20 zilitoa kilo 5.4, mbali na kilo 1.1 iliyotupwa kwa kuoza kitako. Nyanya moja ya kienyeji ilitoa kilo 1.6, ikaendelea kuweka matunda hadi siku ya kung'olewa. Moneymaker moja ya lita 20 ilitoa kilo 0.6. Cal J iliyobaki kwenye lita 10 ilitoa kilo 0.5. Moneymaker ya lita 10 haikutoa hata tunda moja zima.

Matunda ya Cal J yaliyofunga baada ya ndoo kuoshwa yalikuwa karibu yote mazima, na yote yaliyooza yalikuwa yamefunga kabla.

Rangi ilikuwa shida nyingine. Joto likizidi nyuzi 30 hivi, wekundu haujengeki vizuri na tunda hubaki rangi ya chungwa mabegani. Kuanzia wiki ya pili ya uchumaji, matunda yalichumwa mara tu kitako kilipoanza kugeuka waridi, yakaivishwa kwenye ungo chini ya meza ya jikoni. Wekundu ukakamilika ndani ya siku nne au tano.

## Uchambuzi

Swali la kwanza ambalo mhusika aliuliza lilikuwa: mbegu zilikuwa mbovu? Hazikuwa. Zilichomoza vizuri na miche ilikuwa na afya mpaka katikati ya Septemba. Kilichokuwa kibaya ni mahali ua lilipoangukia kwenye kalenda. Chavua ya nyanya za kawaida hutengenezwa vizuri usiku ukiwa kati ya nyuzi 15 na 21. Usiku ukibaki 24 au zaidi, au mchana ukipita 32 kwa siku kadhaa mfululizo, chavua inakuwa dhaifu na ua linapukutika. Tarehe 2 Novemba, saa kumi alfajiri, kipimajoto kilichotundikwa kando ya ndoo kilisoma 25. Zege na bati vilikuwa bado vinatoa joto la jana. Moneymaker zilizoanza maua katikati ya Oktoba zilikutana na hali hiyo tangu kichala cha kwanza, tena zikiwa zimecheleweshwa na urea. Cal J zilizotoa maua tarehe 5 zilipata wiki tatu hivi za usiku unaovumilika, na karibu mavuno yao yote yanatoka kwenye vichala vya wiki hizo. Tofauti ya siku kumi au kumi na mbili ndiyo iliyotenganisha karibu kilo mbili kwa ndoo na nusu kilo.

Nyanya ya kienyeji inastahili kuangaliwa kwa heshima zaidi. Nyanya zenye matunda madogo kwa jumla hufunga vizuri kuliko zenye matunda makubwa wakati wa joto, na kuoza kitako huzipata kwa nadra. Mche uliopandwa kwa kujaza ndoo ulilingana na Cal J nzuri.

Kuhusu ukubwa wa ndoo, tuwe waangalifu. Ni rahisi kusema lita 10 hazitoshi, nasi tunaamini hivyo: mchanganyiko wa namna hii kwenye lita 10 hushika maji ya kunyweka yasiyozidi lita mbili hivi, na mche uliokomaa kwenye upepo huyamaliza kabla ya alasiri. Lakini ndoo ndogo za kisa hiki zilikaa ukutani kwenye jua la mchana kwa wiki saba, zilikuwa nyeusi, na mbili zilinyunyiziwa salfa. Mambo manne kwa pamoja. Kisa hiki peke yake hakithibitishi lipi lilikuwa kubwa.

Kitu kilichofanya kazi bila shaka ni maji. Kuosha chumvi, kuongeza matundu, kubadili chanzo na kugawa umwagiliaji mara mbili kulikomesha kuoza kitako bila dawa yoyote. Gharama ilikuwa chini ya lita 160 za maji ya bomba siku moja. Kama yangefanywa tangu Septemba, kilo ile iliyotupwa ingeliwa.

Udongo wa tuta la biringanya uligharimu ndoo mbili kati ya kumi, na uligharimu kwa sababu ya ndoo mbili za udongo ambazo zingenunuliwa kesho yake. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote kwenye nyumba za mjini, kwa kuwa udongo wa uani unaonekana wa bure.

Uhamishaji wa tarehe 26 Oktoba ulichelewa. Dalili ilikuwepo tangu wiki ya kwanza, miche ilipoinama, na vijiti vya mianzi viliificha. Kipimo rahisi ni chaki: chora mstari sakafuni mahali kivuli cha paa kinapoishia saa sita, rudia kila Jumapili. Baada ya wiki tatu utaona mwenyewe jua linakwenda wapi.

## Mwenye mbegu mkononi mwezi Agosti

Kwa Mtwara na Lindi ya Pwani, hesabu ianze kwenye ua na irudi nyuma. Cal J ilichukua siku 56 kutoka kusia hadi ua la kwanza. Ukitaka vichala vitatu vya kwanza vifungwe kabla ya mwisho wa Septemba, mbegu iwe ardhini mwanzoni mwa Julai kwa kuchelewa kabisa. Wakati wenyewe hasa ni katikati ya Aprili hadi Mei, kitalu kikiwa chini ya paa kwa ajili ya mvua za mwisho, maua yakiangukia Juni na Julai.

Pakiti iliyonunuliwa Nane Nane inaweza kusubiri. Ifunge, itie kwenye chupa kavu yenye vipande vya mkaa vilivyokaushwa, iweke mahali pa giza na ubaridi, mbali na jiko. Hadi Aprili mbegu nzuri ya nyanya itaota. Ndoo zisikae bure: bamia husiwa moja kwa moja, mbegu tatu kwa ndoo ya lita 20 kisha kuachwa mche mmoja, na joto la Novemba linaipenda.

Anayetaka nyanya papo hapo achague za matunda madogo au chotara iliyoandikwa kuvumilia joto, ndoo za lita 20 tu, udongo usiowahi kuona jamii ya nyanya, maji ya bomba au ya mvua, upande wa mashariki wa nyumba tangu siku ya kupandikiza. Mbolea ya kuanzia iwe NPK 17:17:17, kijiko cha chai kimoja kila siku kumi, kikizungushwa ukingoni mwa ndoo mbali na shina, na isimame kichala cha kwanza kikifunga. Urea ibaki dukani.

Mhusika alisia tena tarehe 22 Aprili mwaka uliofuata, ndoo nane, zote za lita 20. Mbegu za ndoo nne kati ya hizo zilitoka kwenye tunda la ile ndoo ya kienyeji.